Shemeji Aliniuzia Pikipiki Mfu, Nimeifufua, Sasa Anaitaka

Mpendwa mshauri,

Pole kwa kazi ya kusoma matatizo ya watu usiowajua, na mimi leo nakuongezea langu, ila nakusihi kama una kikombe mkononi ukiweke chini kwanza, maana mtu niliyemsimulia ni mmoja tu, fundi wangu wa betri, naye alicheka mpaka akaunguza kidole kwa chuma chake cha kulehemu, na mimi ninayesimulia sicheki, nimekonda mpaka pete ya ndoa inazunguka kidoleni.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi, mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, suti za watu wa ofisini na jezi za timu ya mpira ya vinyozi, na nguo zote hizo nilikuwa nazipeleka kwa miguu, furushi kichwani na suti mkononi kwenye hanga, upepo ukivuma suti ya watu inanichapa usoni kama nina deni nayo. Mume wangu ni mchoraji wa mabango ya maduka, mtu mpole kupita kiasi, yaani mshauri, akijigonga kwenye mlango anauomba mlango radhi. Tunakaa nyumba ya vyumba vilivyozunguka ua mmoja, chumba cha mbele cha mama mkwe, viwili vya nyuma vyetu, na cha pembeni cha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Meneja ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona ofisi yake.

Huyu Meneja alikuwa na pikipiki ya umeme. Alipoinunua aliringa nayo mpaka tukaomba mvua inyeshe, kisha ikamchosha kama vitu vyote vinavyomchosha, akaiegesha ukutani chini ya bati linalovuja, hakuichaji, hakuifunika, betri ikakaa humo humo mpaka ikafa, kuku wa mama mkwe akataga kwenye kiti chake, na wapangaji wakaanza kuiita Marehemu, ukimuuliza mtu beseni liko wapi anakwambia lipo pale kwa Marehemu.

Mimi kila nikipita na furushi langu naitazama. Magurudumu mazima, breki nzima, taa nzima, kitu kimoja tu ndicho kibovu. Nikamfuata Meneja, nikamwambia niuzie.

Akavua miwani, akanitazama kwa huruma. "Shemeji, mimi sitaki lawama. Betri imekufa. Nakuuzia maiti."

"Nimeiona kuwa ni maiti," nikamjibu. "Nauziwa kama ilivyo."

"Kama ilivyo, na usinirudie."

"Sikurudii."

Nikamlipa zote mkononi mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akatikisa kichwa akasema mwanangu huyu amepata mjinga wa kumuuzia kiota cha kuku. Watu walicheka siku hiyo, hata mume wangu alijaribu kujizuia akashindwa, akaingia chumbani akachekea huko kwa heshima.

Nikaanza kuisukuma kwa mafundi. Fundi wa kwanza alikuwa fundi wa pikipiki za kawaida, akaizunguka mara kadhaa, akainama, akanusa, akauliza tangi la mafuta liko wapi, nikamwambia halina, akauliza plagi iko wapi, nikamwambia haina, akafuta mikono, akasema mama, hii haijafa, hii haijazaliwa. Nikaisukuma kwa mwingine, huyu anatengeneza betri za taa za jua na za simu, akaichomoa betri, akaufungua mfuniko wake taratibu kama anafungua chungu cha moto, ndani zimejipanga seli nyingi kama chaki kwenye boksi, akazipima moja moja na kipimo chake, akacheka.

"Mama, haijafa yote. Wamekufa wachache upande huu, karibu na pale maji yalipopenya. Waliobaki wamegoma kwa sababu yao."

"Betri inagoma?"

"Kuna kibao kidogo cha umeme hapa kinailinda. Kikiona seli chache zimeshuka sana, kinafunga umeme wote. Ndiyo maana ukiweka chaja haiitiki. Tutawatoa waliokufa, tuwaweke wengine wa aina ile ile, halafu tuipandishe polepole. Lakini sikudanganyi, haitakwenda mbali kama ilipokuwa mpya, na ukiniona naikimbia, na wewe kimbia."

Hatukukimbia. Akabadilisha zile seli, akaichaji huku ameikalia macho kama mgonjwa, akiishika kila mara kuona kama inapata joto, kisha akanikabidhi akaniambia nikaiweke nyumbani.

Sasa mshauri, mimi nimezoea kuwa pikipiki ikiwaka inanguruma. Nikaiweka betri pale uani, watu wote wamejipanga kutazama, nikageuza ufunguo, kimya. Mama mkwe akasema nilijua. Meneja akasema nilimwambia. Na mimi kwa uchungu nikavuta mafuta, yaani ile sehemu ya kuvutia mafuta ingawa mafuta hayapo, kumbe ilikuwa imewaka kitambo, ikaruka na mimi kama mbuzi aliyekatwa kamba, ikapita katikati ya mashuka ya nyumba ya wageni niliyokuwa nimeyaanika, nikatokea upande wa pili nimefunikwa gubigubi, sioni mbele, nasikia tu watu wanapiga kelele, "Marehemu amefufuka! Marehemu amefufuka!" Nikasimamia kwenye pipa la maji. Mashuka nikayafua upya nikiimba.

Hapo ndipo furaha yangu iliponiponza. Kabla hata sijazoea, Meneja alinijia huku anakipapasa kiti chake.

"Shemeji, hapa kuna tatizo la kisheria. Mimi nilikuuzia mfu. Hii ni nzima. Kwa hiyo hii siyo niliyokuuzia."

Nilidhani anatania, nikacheka. Kumbe keshalifikisha kwa mama yake. Mama mkwe akaitisha kikao chumbani kwake, tukakaa, Meneja akaeleza mfu na mzima kwa muda mrefu na mikono yake yote miwili, mimi nikaeleza kuwa nimenunua, nimelipa, nimetengeneza, mume wangu akaulizwa ana la kusema, akasema chai ni nzuri. Mama mkwe akakata shauri, pikipiki ni ya ukoo, asubuhi iwe yangu, mchana iwe ya Meneja, na tupendane.

Tukapendana namna hii, mimi naichaji, yeye anaimaliza. Anakwenda kusikojulikana, anarudi imebaki tone, hagusi chaja. Nikimwambia anasema umeme uko kwa zamu yako, shemeji. Basi ikafika siku ya mechi ya vinyozi na wachinjaji, mimi nina jezi zote za vinyozi, nimezifua, nimezipiga pasi, nimezikunja kwa namba, natoka zangu, nafika katikati ya barabara pikipiki inapungua, inapungua, inasimama kimya kama ilivyowaka. Nikaisukuma nikikimbia. Nilipofika uwanjani kipindi cha kwanza kinaisha, mwamuzi amekataa watu kucheza vifua wazi, vinyozi wamekimbilia kibandani kwao wakachukua yale mashuka ya kufungia wateja shingoni, wamevaa hayo, yanapepea nyuma, na golikipa wao upepo ulimfunika shuka lake usoni mpira ukapita katikati ya miguu amesimama kama samani. Wamefungwa. Na nahodha wao alinipokonya jezi bila salamu, wiki iliyofuata nikaziona zimeanikwa kwa dobi mwingine.

Ndipo nikafanya nililofanya. Nilichomoa betri nikaificha kwenye tenga la nguo chafu, nikatoka uani nikasema, jamani, imekufa tena. Na machozi nilitoa, mshauri, sijui yalitoka wapi. Wapangaji wakaja kunipa pole, wengine walisema pole na msiba. Meneja akaja, akageuza ufunguo, akatega sikio, akasema kweli imekufa, kimya kabisa, kana kwamba ilipokuwa hai iliwahi kupiga kelele. Mama mkwe akanishika mkono, akaniombea dua ndefu, akasema nisikate tamaa ya maisha kwa ajili ya chuma.

Tangu hapo kila asubuhi naweka betri kwenye tenga, nafunika mashuka juu, natoka naisukuma pikipiki nikisema naipeleka kwa fundi, watu wananionea huruma, nikifika nyuma ya ukuta wa shule naitia betri, napanda, nasambaza nguo, nikirudi naitoa pale pale, naingia nikisukuma na kuhema. Naichaji chumba cha pasi nikiwa nimeifunika shuka. Na sijui yule fundi aliitengeneza kwa ufundi gani, maana kuna siku nilisahau kabisa kuichaji, nikaikuta imejaa.

Sasa nimebanwa. Meneja amenijia kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema, "Shemeji, inaniuma kukuona unasukuma. Nimeongea na mtu wa vyuma chakavu, anakuja Jumamosi na mizani yake, ataichukua, tutagawana." Mama mkwe amebariki, anasema kuisukuma huku kutanitoa roho. Nikinyamaza, pikipiki yangu inakwenda kuyeyushwa. Nikisema, mimi ni mwongo niliyeombewa dua kwa uongo, na mama mkwe sijui nitamtazama vipi, na Meneja ataidai upya, na mume wangu, mtu asiyejua chochote, ataona ameoa tapeli. Nimefikiria hata kumwambia fundi aje aifufue mbele ya watu Ijumaa tuseme ni bahati. Nishauri haraka, mikono yangu ina sabuni lakini moyo wangu umekauka.

Ni mimi,
Dobi Niliyebanwa

*

Dada dobi,

Barua yako ilinifikia Alhamisi, na ukurasa huu hutoka Jumanne. Nilipofika kwenye mtu wa vyuma chakavu niliona kwamba nikingoja gazeti nitakuwa nakushauri kuhusu masufuria. Kwa bahati uliandika namba ya simu nyuma ya bahasha. Kwa hiyo nikafanya nisilolifanya, nikapiga. Wasomaji wangu mnisamehe, na wengine msianze kuandika namba.

Hukupokea wewe, kama ujuavyo. Ilipokea sauti laini ya kiume, ikaniambia mke wake ana povu mpaka kwenye viwiko.

"Nimwambie ni nani?"

Nikatafuta neno la kukusitiri. "Mwambie ni mtu wa betri."

Halafu akashusha sauti. "Ile ya kwenye tenga?"

Dada, mimi ni mtu mzima, nimesikia mengi kwenye kazi hii, lakini hapo nilisimama. Nikamuuliza anajuaje. Akasema alijua tangu siku ile ile, alikuwa anatafuta shati lake la kazi, akashika kitu kizito, akakifunika tena. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Niliona amejificha nayo, nikadhani anafurahia kuwa na siri yake mwenyewe. Hapa uani hakuna mtu mwenye siri. Nikamwachia. Ila huwa anasahau kuichaji, kwa hiyo namchajia."

Hebu rudi usome barua yako mwenyewe. Uliikuta imejaa, ukamsifu fundi! Mwanamke mwenye akili ya kununua maiti ya pikipiki na kuisimamisha, ukaamini betri inajijaza yenyewe kama kisima! Kuna mtu alikuwa anaibeba kila ulipolala mchana, anairudisha, anapanga nguo chafu juu yake kama zilivyokuwa, na wewe unaniandikia kuwa ni mtu asiyejua chochote. Sikulaumu sana. Mtu aliyesema chai ni nzuri kwenye kikao cha mali ya mkewe anastahili kudhaniwa hajui kitu.

Na kwa kuwa kosa ni lenu wote wawili, nilimkaripia na yeye. Nilimuuliza anaichajia wapi. Akasema kwenye banda lake la kuchorea.

"Karibu na nini?"

"Karibu na rangi zangu."

"Na thina?"

"Na thina."

Thina hushika moto kwa cheche moja, nikapiga kelele mpaka jirani yangu akachungulia. Ndipo nilipomwambia akuite wewe, povu na vyote, nanyi mkasimama kichwa kwa kichwa kwenye simu moja, na niliyowaambia nayarudia hapa kwa faida ya wengine wanaoficha vitu kwenye matenga.

Kwanza nilikukataza ule mchezo wa fundi na ufufuo wa Ijumaa. Ulishautia ndani uongo mmoja, ukaanza kuusukuma kila asubuhi, na sasa unataka kuuongezea abiria. Pole unayostahili nakupa yote. Ulinunua kihalali, ulilipa mbele ya shahidi, ulitengeneza kwa akili na jasho lako, na ulipoporwa kwa tabasamu hukuwa na mtu wa kukutetea. Ni kweli, ulionewa. Lakini mama mkwe wako alikushika mkono na kukuombea akiwa na moyo safi, na wewe ukakaa hapo na machozi ya kukodi. Hilo halikuwa la Meneja. Hilo ni lako. Nikakuagiza uende kwake kabla ya mtu wa mizani kufika, ukiwa umeshika betri mkononi, umwambie mwenyewe.

Na kuhusu lile tatizo la kisheria, nilikuambia umjibu shemeji yako kwa maneno yake mwenyewe. Na mumeo nilimwambia jambo moja tu, kwamba safari hii chai isiwe na ladha yoyote.

Wasomaji wangu wangenila nyama nisingewaeleza yaliyotokea, na wewe uliponipigia Jumamosi ulinipa ruhusa, kwa hiyo naeleza.

Hukwenda kwa mama mkwe mapema kama nilivyokuagiza. Ulizungukazunguka na ndoo mpaka mtu wa vyuma chakavu akaingia uani na mkokoteni. Meneja ameshashika usukani anamwonyesha chuma kilivyo kizito. Mama mkwe amekaa mlangoni ameshika tama. Ndipo ukatoka na tenga. Ukamwaga nguo chafu za watu chini, makoti ya zahanati na yote, ukainua betri ukaenda nayo mpaka miguuni kwa mama mkwe.

"Mama," ukasema, "haikufa. Niliificha. Nilikudanganya na nikakuacha uniombee. Nisamehe."

Mama mkwe akaitazama betri, akakutazama wewe. "Ile dua yote?"

"Yote, mama."

"Nilikuombea mpaka magoti yakafa ganzi, kumbe chuma chenyewe kizima?"

Ukaanza kulia, na safari hii uliniambia hukuuliza machozi yanatoka wapi. Kabla mama mkwe hajaamua kama atakupiga au atakukumbatia, Meneja akaingilia kati huku anang'aa uso mzima.

"Mnaona? Mnaona! Nzima! Mimi niliuza mfu. Hii siyo niliyoiuza!"

Ukamgeukia. "Sema tena, shemeji."

"Hii siyo niliyoiuza."

"Kama siyo uliyoiuza, basi haijawahi kuwa yako. Wewe ulikuwa na mfu, ukauza mfu, ukala hela ya mfu. Hii nzima unaidai kwa lipi?"

Uliniambia Meneja alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mtu wa vyuma chakavu alicheka mpaka akakaa juu ya mizani yake, zikasomeka kilo zake mbele ya watu. Na Meneja, badala ya kukubali, akamgeukia mama yake kutaka kikao.

Ndipo mumeo akaja kutoka bandani, mikono ina rangi ya kijani. Akasimama kati yako na mdogo wake. Uliniambia sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mdogo wangu, achia usukani. Pikipiki ni ya mke wangu. Aliinunua mbele ya mama, akaitengeneza, akachekewa, na mimi nikiwa mmoja wa waliomcheka. Nilikaa kimya kwenye kikao kile na nimejuta kila asubuhi nilipomwona anasukuma. Leo sikai."

Meneja akaachia. Nadhani hata yeye hakujua kwamba kaka yake ana sentensi ndefu namna hiyo. Mama mkwe akamtazama mwanawe mkubwa, akasema, "Kumbe una mdomo," kisha akamwambia mtu wa vyuma chakavu aende salama, na wewe akakuambia uokote makoti ya watu kwenye vumbi. Hakukukumbatia. Hakukupiga. Kwa siku hiyo inatosha.

Sasa nisikilize, maana umenipigia kama mtu aliyemaliza, na hujamaliza.

Betri isirudi kwenye tenga hata siku moja, wala chini ya shuka, wala chumba cha pasi, wala karibu na thina ya mumeo. Hii imeshafunguliwa na kufungwa, siyo mpya, haina mzaha. Ichajiwe kwenye sakafu ya saruji, mahali peupe penye hewa, mtu akiwa macho na karibu. Ikipata joto la kuchoma mkono au ikivimba, chomoa chaja kama ni salama kuifikia, kaa mbali nayo, na waondoe watu. Mrudie yule fundi akuangalizie seli zake mara kwa mara, hata kama inakwenda vizuri. Mtu aliyekuambia ukweli kwamba haitakwenda mbali kama mpya ndiye wa kumrudia.

Kwa nahodha wa vinyozi nenda mwenyewe. Usimtume mumeo, ataviomba radhi hata viti. Ingia kinyozini wateja wakiwepo, useme kosa lilikuwa langu, jezi zilichelewa, golikipa wenu aliaibika, mechi ijayo nafua bure. Usimtaje Meneja wala betri. Mteja aliyefungwa mabao akiwa amevaa shuka la kunyolea hataki kusikia habari za seli. Akikubali, siku ya mechi fika mapema ukae kwenye nyasi uwangoje wewe.

Mama mkwe mpe muda. Utaona atakuwa anakujibu kwa neno moja moja. Mfulie nguo zake kama kawaida, umsalimie kama kawaida, na asipokuomba kitu usimlazimishie wema, atadhani unaficha betri nyingine. Siku atakayokuuliza kama pikipiki ile inabeba watu wawili, usimjibu kwa maneno. Futa kiti, umsubiri apande.

Mumeo mfundishe kwamba ukimya wake mtamu umekugharimu wateja. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole, mkiwa wawili. Na umshukuru kwa kukuchajia. Nasema umshukuru kweli, siyo kwa mzaha, maana wako wengi wanaoniandikia hapa ambao waume zao wangeiona ile betri wakaiuza.

Na Meneja. Huyo atarudi, namjua bila kumwona. Atakuja asubuhi moja amenyoosha shati, atasema shemeji, ni mara hii moja tu, nina mkutano. Jibu lako ni "hapana, shemeji." Liseme ukitabasamu, endelea kufua. Usimweleze kwa nini. Usimwambie betri ina kidogo, usimwambie una mzigo wa zahanati, usimwambie muulize kaka yako. Ukiongeza hata neno la tatu, mko kwenye kikao.